Mtoto Hujengwa na Mazoea ya Kila Siku Nyumbani

Siku ya kliniki katika zahanati ya kijiji ina utaratibu unaojulikana na kila mama. Mtoto hupimwa uzito, uzito huo huandikwa katika kadi yake, naye hupewa chanjo iwapo wakati wake umefika. Mstari wa kadi ukiwa unapanda, mama hurejea nyumbani akiwa na moyo mkunjufu. Hata hivyo, yako maswali ambayo mzani hauwezi kuyajibu. Nani huzungumza na mtoto huyu awapo nyumbani? Akilia, nani humwendea? Je, hula katika chombo chake mwenyewe, au hushindana na kaka na dada zake katika sinia moja? Mama aendapo shambani, mtoto hushinda na nani, naye hufanya nini mchana kutwa?

Maswali hayo huonekana madogo. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto wa miezi minne haelewi lolote, kwa hiyo kuzungumza naye ni kupoteza muda. Wapo wanaoona mchezo kuwa upuuzi wa kumshughulisha mtoto ili mkubwa apate nafasi ya kufanya kazi. Wapo pia wanaosubiri darasa la awali, wakidhani kwamba huko ndiko kujifunza kunakoanzia. Makala haya yanaeleza kwa nini fikra hizo humnyima mtoto kitu ambacho shule haiwezi kumrudishia kwa urahisi, na jinsi familia ya kipato chochote inavyoweza kumpatia kitu hicho kwa kutumia shughuli inazozifanya tayari tangu asubuhi hadi usiku.

Kinachoendelea kichwani mwa mtoto

Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa tangu mimba hadi miaka ya mwanzo ya uhai. Mtoto anapotimiza miaka miwili, ubongo wake huwa umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika kipindi hicho chembe za ubongo huunganishwa na kufanya njia za kupitishia habari: njia za kuona, kusikia, kutambua sauti za lugha, kutuliza hofu na kukumbuka. Njia inayotumika mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hufifia. Ni mfano wa kijia cha kwenda kisimani. Kikipitwa kila siku hubaki wazi. Kikiachwa msimu mmoja hufunikwa na majani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya husisitiza siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia zilitoa mwongozo unaotaja mambo matano ambayo kila mtoto mdogo anayahitaji kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tanzania iliyajumuisha mambo hayo matano katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa umri wa kuanzia 0 hadi miaka 8.

Katika mambo hayo matano, afya na lishe hutajwa sana mikutanoni. Lisilozoeleka masikioni ni malezi yenye mwitikio. Maana yake ni nyepesi: mtoto anapotoa ishara, iwe ni kilio, tabasamu, kidole kinachoonyesha kitu au sauti isiyo na maneno, awepo mtu mzima wa kuiona ishara hiyo, kuielewa na kuijibu.

Somo kutoka Jamaika

Mwaka 1986 na 1987, watafiti walianza kuwafuatilia watoto 129 wenye udumavu waliokuwa na umri kati ya miezi 9 na 24 katika mitaa ya watu maskini ya mji wa Kingston, nchini Jamaika. Baadhi ya familia zilitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa moja, kwa miaka miwili. Wahudumu wa afya ya jamii waliozitembelea walicheza na mtoto mbele ya mama yake, wakimwonyesha mama namna ya kuzungumza na mwanawe, kutaja majina ya vitu, kumsifu na kumpa nafasi ya kujaribu. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa mikono, kutokana na vifaa vya kawaida vya nyumbani.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, watoto hao wakiwa watu wazima, watafiti waliwatafuta tena. Waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi kwa takriban asilimia 25 kile cha wenzao wenye udumavu ambao hawakupata malezi hayo. Kipato chao kilikuwa kimelingana na cha watu wa mitaa hiyo hiyo ambao utotoni hawakuwa na udumavu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba familia hizo hazikuhamishwa kutoka katika mitaa yao, wala hazikujengewa nyumba mpya. Kilichobadilika ni namna mama alivyozoea kuishi na mwanawe baada ya mgeni kuondoka. Saa moja ya wiki isingetosha kumjenga mtoto. Ilitosha kumfundisha mama mazoea ambayo aliyatumia katika saa nyingine zote.

Asubuhi: kuoga, kuvaa na kuzungumza

Mama amwogeshaye mtoto wake huwa naye uso kwa uso kwa dakika kadhaa. Anaweza kumwogesha kimya kimya, au anaweza kumwambia, “Sasa tunaosha mkono. Mkono mwingine uko wapi? Maji ni ya vuguvugu, eh?” Mtoto akiguna, mama hunyamaza kidogo, kisha humjibu kana kwamba amesema neno. Kwa kufanya hivyo mtoto hujifunza mambo mawili kabla hajajua neno hata moja: kwamba mazungumzo yana zamu, na kwamba sauti yake ina mtu wa kuisikia.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, pamoja na wenzake walichapisha jaribio lililowashangaza wengi. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaombwa amtazame bila kuonyesha hisia zozote usoni. Watoto wachanga wa miezi michache tu walitambua mabadiliko hayo mara moja. Walijaribu kumrudisha mama zao kwa kumtazama na kujishughulisha, na waliposhindwa waligeuza nyuso na kujikunyata. Kwa hiyo, kauli kwamba mtoto mchanga haelewi lolote haina msingi. Maneno hayaelewi bado, lakini kama anajibiwa au hajibiwi, hilo analitambua.

Lugha ya kuzungumza na mtoto si kikwazo. Lugha ya mama, iwe Kiswahili, Kihehe, Kisukuma au nyingine yoyote, hujenga ubongo sawasawa. Mzazi atumie lugha anayoifahamu kwa kina, ile ambayo ndani yake anaweza kutania, kubembeleza na kusimulia.

Chakula: wingi wa ghala hautoshi

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani urefu wao uko chini ya unaotakiwa kwa umri wao. Miongoni mwa mikoa iliyokuwa na viwango vya juu zaidi ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayofahamika kwa kuzalisha chakula kwa wingi. Hali hiyo inafundisha kwamba ghala lililojaa mahindi si hakikisho la mtoto aliyelishwa vyema. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi, maji yasiyo safi, lishe ya mama wakati wa ujauzito na umaskini, lakini mazoea ya ulishaji ni miongoni mwa sababu ambazo familia inaweza kuanza kuzishughulikia leo.

Kwa miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama pekee yanamtosha mtoto, bila maji, bila uji. Baada ya miezi sita aanze kupewa chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 23 ale mara 3 hadi 4, pamoja na kitu kidogo kati ya mlo na mlo, kama vile ndizi au parachichi. Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo bila kuujenga mwili. Uji unaofaa ni ule unaokaa kijikoni bila kumwagika, ulioongezwa karanga zilizosagwa, maziwa au unga wa dagaa. Mayai, maharage, mboga za majani na matunda viingie katika mlo wake kadiri vinavyopatikana. Chai, ambayo baadhi ya familia huwapa watoto pamoja na chakula, hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma. Ni heri iondolewe kabisa katika mlo wa mtoto mdogo.

Namna ya kulisha ina uzito sawa na kile kinacholishwa. Mtoto mdogo anapokula na wakubwa katika sinia moja, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Wenye mikono mikubwa na miepesi humaliza kwanza. Apewe bakuli lake, akae na mtu wa kumlisha bila haraka, atiwe moyo kwa maneno na asilazimishwe kwa kubanwa pua wala kukemewa. Mtoto anapogeuza kichwa huwa anasema jambo: ameshiba, amechoka au chakula ni cha moto. Mlishaji mwenye subira husubiri kidogo, kisha hujaribu tena. Mikono ya wote wawili, mlishaji na mlishwaji, ioshwe kwanza kwa maji tiririka na sabuni.

Mchana: ni nani anayebaki na mtoto?

Msimu wa kilimo huleta mtihani mkubwa katika kata nyingi. Mama huondoka alfajiri, na mtoto wa mwaka mmoja huachwa mikononi mwa dada yake wa miaka saba. Mama huyo si mzembe; anatafuta chakula cha familia. Hata hivyo, mtoto wa miaka saba bado anahitaji kuangaliwa yeye mwenyewe. Hawezi kutambua homa kali, hawezi kuzuia ajali ya moto au ya kisima kilicho wazi, na mara nyingi hukosa masomo yake kwa ajili ya kazi hiyo.

Familia zinaweza kulitatua jambo hili kwa makubaliano. Akina mama wa kitongoji kimoja wanaweza kupeana zamu, mmoja akibaki na watoto wakati wengine wanalima, naye alimiwe sehemu yake. Bibi au babu mwenye nguvu anaweza kuwa mlezi wa mchana, mradi aachiwe chakula cha mtoto kilichoandaliwa na aelezwe saa za kumlisha. Penye vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, mzazi athibitishe kwanza kwamba kituo kimesajiliwa. Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ndiye mwenye taarifa hizo.

Mlezi yeyote atakayebaki na mtoto aelezwe kwamba mchezo ni kazi ya mtoto. Kopo lenye kifuniko kilichofungwa barabara na kokoto ndani yake hufundisha uhusiano wa tendo na sauti. Vikombe vya plastiki vinavyoingiana hufundisha ukubwa na udogo. Gari la mabua, mwanasesere wa kitambaa na mpira wa makaratasi humfundisha mtoto kushika, kusukuma, kusubiri zamu na kubuni. Vitu vidogo vinavyoweza kumkaba, kama vile punje za mahindi, sarafu na betri ndogo, viwekwe mbali. Mtoto anayeweza kutembea apewe nafasi ya kukimbia na kupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mwaka 1 hadi 4 wachangamshe mwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku.

Jioni: baba na simu

Katika kaya nyingi baba hurejea jioni, na malezi ya mtoto mdogo huhesabiwa kuwa ni kazi ya wanawake. Mtoto hana mgawanyo huo. Sauti nzito ya baba, mikono yake na hata namna yake tofauti ya kucheza ni masomo ambayo mama hawezi kuyatoa badala yake. Baba amwitaye mtoto kwa jina, akamketisha mapajani na kumuuliza, “Leo umeona nini?” hapunguziwi heshima, anajijengea heshima ambayo mtoto ataikumbuka atakapokuwa kijana.

Kuna jambo jipya ambalo vizazi vilivyotangulia havikukabiliana nalo. Simu ya mkononi imekuwa mlezi wa jioni. Mtoto akilia hupewa simu aangalie katuni, naye hunyamaza. Kunyamaza huko hufurahisha, lakini simu haina mwitikio. Huzungumza bila kumsikiliza mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya runinga au simu kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Chini ya hapo ni bora zaidi. Wazazi nao wajipime. Mzazi aliyeinamia simu wakati mtoto anamwonyesha kitu hufanana na yule mama wa jaribio la Tronick: yupo, lakini uso wake haujibu.

Wakati huo wa jioni jamii zetu zina hazina ya zamani. Hadithi za sungura na fisi, vitendawili, nyimbo za kubembeleza na michezo ya vidole hukuza msamiati, kumbukumbu na usikivu. Bibi anayesimulia hadithi karibu na moto hutoa elimu ya awali iliyo kamili, ingawa hana cheti chochote.

Usiku: usingizi na utulivu

Usingizi si muda uliopotea, kwa maana mwili na ubongo hujijenga wakati huo. Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku nzima, ukiwamo ule wa mchana. Wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14. Wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Mpangilio usiobadilika humsaidia: kuoshwa, kula, wimbo au hadithi fupi, kisha kulala ndani ya chandarua chenye dawa kwa saa ile ile kila siku.

Usiku pia ndio wakati ambao uchovu wa wazazi huzaa hasira. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na wapo wanaoitumia methali hiyo kuhalalisha fimbo kwa mtoto wa miaka miwili. Mfinyanzi haupigi udongo ulio maji. Huufinyanga polepole kwa viganja. Mtoto anayeishi katika vipigo, matukano na ugomvi wa wazazi hutumia nguvu za akili yake kujihami, na kinachobaki kwa ajili ya kujifunza huwa kidogo. Mtoto mchanga asitikiswe kwa nguvu hata kidogo, kwani ubongo wake unaweza kuumia vibaya. Mzazi anayehisi hasira imemzidi amlaze mtoto mahali salama, atoke nje kwa dakika chache na kumwomba mtu mwingine ampokee.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, na jirani asitumiwe kuwa kipimo. Hata hivyo, mzazi amfikishe mtoto zahanati mapema akiona kwamba hashtuki wala kugeukia sauti. Hatabasamu afikapo miezi mitatu. Hawezi kukaa bila kushikiliwa baada ya miezi tisa. Hatembei wala hatamki neno lolote afikapo miezi 18. Au amepoteza uwezo aliokuwa nao hapo awali. Kumficha mtoto mwenye ulemavu ndani humkosesha msaada katika umri ambao msaada huo una manufaa makubwa. Naye anahitaji kuzungumzishwa, kuchezeshwa na kubebwa kama wenzake.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye mtu wa karibu zaidi wa kuulizwa. Mahudhurio ya kliniki yaendelee hata baada ya chanjo ya surua na rubela ya miezi 18, kwa kuwa familia nyingi huacha kwenda hapo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni fursa nyingine ya kupima hali ya lishe ya mtoto na kupata ushauri. Mwananchi anayejua mtoto anayefanyiwa ukatili atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au apige simu namba 116, ambayo haitozwi gharama.

Zoezi la familia kwa wiki moja

Kila kaya yenye mtoto mdogo inaweza kujipima kwa mazoea matatu. Kwanza, mtoto azungumzishwe wakati wa kuogeshwa na kulishwa, naye apewe nafasi ya kujibu kwa sauti yake. Pili, ale katika bakuli lake mwenyewe, akiwa na mtu wa kumsaidia. Tatu, kila jioni mtu mzima mmoja, akiwamo baba, aweke simu kando na kucheza naye au kumsimulia hadithi kwa robo saa.

Mwishoni mwa wiki, wote wanaomlea mtoto wakae pamoja na kuulizana: Ni lipi limekuwa jepesi? Ni lipi limetushinda, na kwa sababu gani? Ni jambo gani jipya mtoto amelifanya wiki hii? Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu anayeweza kulijibu ni yule tu aliyekuwa akimtazama mtoto. Mkono mmoja haulei mwana. Mikono mingi ikilea kwa mazoea mamoja, mtoto atafika mlango wa darasa la awali akiwa tayari anajua kusikiliza, kuuliza na kuamini kwamba akisema, yupo wa kumsikia.